Mgeni Hauziwi Kikapu

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kutembeza wageni, nasikia siku hizi mnawabeba kwa pikipiki, mnawaonyesha mafundi saba kabla ya chakula cha mchana, halafu mnawarudisha hotelini wakiwa na vumbi hadi kwenye meno. Ketini kidogo. Mimi nimeifanya kazi hiyo mpaka magoti yakagoma. Kati ya Kitale na Bungoma nimetembea mwendo wa kutosha kufika mwezini, nikageuka, na wakati wa kurudi nikapitia Webuye kununua karanga. Viatu nilivyomaliza vingewatosha ng'ombe wote wa Trans-Nzoia, miguu yote minne, na cha akiba angebaki nacho fahali.

Sitaanza na nilipozaliwa. Hapo hapana la kujifunza. Nililia kama wengine. Nitawaambia juu ya kuku wa Ndalu na vikapu vya Mama Nekesa, kwa sababu mkilielewa jambo hilo moja, hii kazi mmeshaijua nusu. Nusu ya pili ni kuvumilia matope.

Kwanza mjue niliingiaje. Nilikuwa mfagiaji katika nyumba ya wageni ya Mama Njoki pale Matisi, Kitale. Vyumba sita, ua mmoja, na jogoo mmoja aliyechukiwa na kila aliyewahi kulala pale. Mchana nafagia, jioni naenda masomo ya watu wazima mjini, tukifundishwa Kiingereza na mwalimu aliyekuwa na sauti kubwa hivi kwamba stima ikipotea tulikuwa tunaendelea tu, maana ubao hatukuuhitaji. Nilipopata cheti changu, nilikivaa moyoni kama koti jipya. Mama Njoki akaniambia, "Barasa, wewe sasa unaongea Kizungu kuliko wazungu. Acha ufagio. Hawa wageni wanaamka, wanakunywa chai, wanauliza watafanya nini, na mimi sina jibu. Watafutie kitu cha kuona."

"Kitu gani, mama? Sisi hatuna simba."

"Simba wameshawaona, wamechoka. Simba atakuambia nini? Wapeleke kwa watu wanaofanya kazi na mikono."

Mama Njoki ndiye aliyenifunza kazi, ingawa sidhani aliwahi kuvuka daraja kwenda Bungoma zaidi ya mara mbili. Wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba Trans-Nzoia, na biashara ilikuwa kwenye damu yake. Mtu huyo angeweza kumuuzia chura maji. Lakini alijua jambo moja ambalo nyinyi mmelisahau: mji mdogo hauonyeshwi, mji mdogo unakaliwa. Ukimpeleka mgeni kwa fundi, mwache akae mpaka fundi amsahau. Fundi akishamsahau, ndipo kazi ya kweli inaanza, na mgeni anaona kile alichokuja kuona.

Kule Kapsokwony, kwa mfano, kulikuwa na mzee mchonga mizinga ya nyuki. Miaka hiyo ya mwanzo wa elfu mbili pikipiki zilikuwa chache, tunapanda mlima kwa miguu, mwinuko mkali hivi kwamba ukiinamisha kichwa unalamba barabara. Tunafika, mzee anaitikia salamu, anarudi kwenye gogo lake, hasemi tena. Siku moja mgeni mwenye saa kubwa mkononi akaniuliza, "Maonyesho yanaanza saa ngapi?" Nikamtafsiria mzee. Mzee hakuinua macho. "Mwambie yalianza jana. Amechelewa." Mgeni yule alikasirika, halafu akacheka, halafu akakaa mpaka jua likaegemea. Alipoondoka alikuwa ameivua ile saa na kuitia mfukoni. Fundi mmoja kwa siku, vijana. Mmoja. Wa pili ni wa kesho.

Haya, sasa Ndalu.

Mama Nekesa aliishi nje kidogo ya soko la Ndalu na mumewe, Mzee Simiyu, mtu mpole aliyependa redio na kuku. Mama alikuwa anasuka vikapu vya matete. Nimeona wasusi wengi, lakini vikapu vya mama yule ungeweza kutekea maji, ukampelekea jirani, na jirani akakurudishia maji yote, hata yakiwa yamechemshwa. Alikata matete mtoni, akayakausha kivulini, si juani, maana jua huyafanya yavunjike kama biskuti. Kisha anayalowesha, anayapasua kwa kisu na meno. Jifunzeni hili: akiwa kwenye kitako cha kikapu hasemi neno, anahesabu. Akifika ubavuni mkono unajiendea wenyewe, anaweza kupiga hadithi. Akifika mdomoni anaimba. Kwa hivyo ukitaka mgeni afurahi, mpeleke vikapu vikiwa ubavuni.

Nilimwita Mayi, ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita mama, na alikuwa wa ukoo wa mama yangu kwa mbali, umbali ule ambao ukiwa na njaa unakuwa karibu.

Mara ya kwanza nilipeleka wageni watatu. Kabla hatujaketi nikasikia kuku analia nyuma ya jikoni, kisha akanyamaza. Mnajua kunyamaza huko. Tukala kuku, tukala ugali wa wimbi, tukanywa chai yenye maziwa mengi kuliko maji. Wageni wakatazama vikapu vilivyotundikwa ukutani. Mmoja akasema, "Oo, kizuri sana hiki!" Mama Nekesa akasimama, akakitungua, akampa. Wa pili akasema, "Na hiki!" Akakitungua, akampa. Mimi natafuna firigisi, naona ukuta unavuliwa nguo.

Mnaelewa? Kwetu, ukisifu kitu ndani ya nyumba ya mtu, umekiomba. Na wazungu hawajui kukaa bila kusifu. Wanasifu mlango, wanasifu paka, nusura mmoja asifu kaptura ya Mzee Simiyu.

Nilirudi Matisi nikiwa nimejaa furaha na kuku. Mama Njoki akaniuliza, "Mama wa vikapu ameuza?"

"Hapana, amewapa."

"Amewapa? Kwani ni sikukuu?"

"Mama, mgeni hauziwi. Mtu amekula kwako, utamwambia alete pesa? Watu watasema nini?"

Mama Njoki alishika kiuno. "Barasa, mimi nimemuuzia mamangu mzazi viazi. Na akaomba nimpunguzie, na nikakataa. Sasa huyo wako atakula nini?"

Nikacheka. Lakini sikucheka muda mrefu. Tulirudi tena, na tena, na kila ziara ilikuwa kuku mmoja na vikapu viwili, vitatu. Wageni walikuwa wanapenda! Waliandika sifa kwenye kitabu cha wageni, wakawaambia wenzao, wenzao wakaja, nao wakasifu ukuta. Hapakuwa na mji mdogo uliopendwa na wageni duniani kama Ndalu, na hapakuwa na mtu aliyemalizwa na kupendwa kama Mama Nekesa.

Siku moja nilienda peke yangu kupeleka salamu. Mzee Simiyu akaniita kando, karibu na banda la kuku. Ndani alikuwamo jogoo tu, amesimama kwa mguu mmoja kama mlinzi wa benki iliyoibiwa.

"Barasa, mwanangu, mimi napenda wageni wako. Wanacheka vizuri. Lakini angalia. Huyu aliyebaki ni saa yetu. Tukimchinja tutaamkaje?"

"Mzee, si muache kuchinja? Chai inatosha."

Alinitazama kama nimemwambia atembee sokoni bila suruali. "Mgeni aje kwa Simiyu anywe chai, aende? Halafu mimi nitapita barabara gani?"

Kisha akaniambia lililo zito. Palizi ilikuwa inakaribia. Mama alikuwa ameanza kusema ataacha kusuka, aende kibarua cha kupalilia mahindi kwenye mashamba makubwa. Mgongo wake ulikuwa mbovu, ndiyo maana alishika vikapu tangu mwanzo. Kazi ya kusuka ni ya kukaa. Siku mbili za palizi zingemlaza wiki. Lakini vikapu havikuwa vinaingiza kitu, vilikuwa vinatoka tu. Alikuwa amebakiwa na rundo moja la vikapu alilokuwa akilisuka, na soko moja kubwa kabla ya palizi. Hilo likipita bila kitu, jembe.

Nilirudi Kitale kwa baiskeli ya bodaboda, ile yenye kiti cha sponji na vishada, na njia nzima sikusema, jambo ambalo mwenye baiskeli alidhani ni ugonjwa. Nikaapa. Nilisema mimi, Barasa, niliyepata cheti gizani, siwezi kushindwa na kuku. Mama Nekesa hatashika jembe la mtu.

Njia ya kwanza niliyojaribu: nikamwambia mgeni aache pesa chini ya sahani, kimyakimya, tukiondoka. Tulikuwa tumeshafika kwenye mti wa mkuyu, mwendo mzuri tu kutoka bomani, tukasikia mbio nyuma. Mama Nekesa, na mgongo wake ule, anakimbia, leso imefunguka, mkono juu. "Barasa! Mgeni ameangusha pesa! Mwambie achunge, huku kuna wezi!" Na alipomrudishia, akamwongezea mayai, kwa ajili ya ule mshtuko.

Njia ya pili ilikuwa ya Mama Njoki. Aliniandikia bei kwenye kipande cha katoni, kwa herufi nzuri, nitundike ukutani juu ya vikapu. Niliitundika. Mzee Simiyu alisoma polepole, akaitoa, akaikunja, akaipeleka jikoni kuwashia moto. "Watu watasema tumefungua hoteli," akasema. Basi.

Njia ya tatu niliiona ni ya akili sana, mpaka nikajipongeza. Nikasema, nyumbani ni nyumbani, soko ni soko. Leo wageni watakula nyumbani, na siku ya soko dogo, kabla ya lile kubwa, watamkuta akiuza. Sokoni mtu yeyote hununua. Siku ikafika, nikawaongoza wageni wangu kati ya wauza maharagwe na wauza samaki waliokaushwa, mpaka kwa Mama Nekesa, aliyekaa kwenye gunia, vikapu mbele yake. Alipotuona, akavuta leso akavifunika vyote, kama mtu aliyekutwa bila nguo. Akainuka, akanunua ndizi mbivu kwa jirani yake, akawagawia wageni, akawauliza habari za kulala. Vikapu? Havikuonekana tena. Tuliondoka na ndizi.

Niliporudi jioni hiyo kumwona, nilikuwa na hasira ya kirafiki.

"Mayi, kwa nini umeficha vikapu?"

"Ati kwa nini? Si hao ni wageni wangu?"

"Sokoni ni wanunuzi!"

"Barasa, sikiliza." Alikuwa anaanza kitako kingine, na mnajua kwamba kwenye kitako haongei, kwa hivyo nilijua ameona nimechanganyikiwa kweli. "Mtu akishakula kwangu, ni wangu. Nikimkuta sokoni ni wangu, nikimkuta hospitali ni wangu. Nitakazaniaje bei na mtu wangu? Sokoni mimi ni mbaya, bana. Natukana. Wewe hujawahi kuniona. Niletee mtu sijui, utaona kama siuzi."

Vijana, kuna wakati jibu limekaa mbele yako limevuka miguu, linakungoja. Nilikuwa nimefunga mkokoteni mbele ya punda! Nilikuwa nawafanya watu wageni kwanza, kisha nataka wawe wanunuzi. Mgeni hawezi kuwa mnunuzi. Lakini mnunuzi? Mnunuzi anaweza kuwa mgeni hata kesho.

"Mayi," nikasema, "mtu akinunua kwako sokoni vizuri, unaweza kumkaribisha kwako?"

"Mteja mzuri? Kwa nini nisimkaribishe? Si amenijengea?"

Nilimuaga mbio. Bodaboda yule yule akanirudisha, na safari hii niliongea mpaka akatamani ule ugonjwa urudi.

Wiki ya lile soko kubwa la mwisho tulikuwa na wageni wanne Matisi. Kiongozi wao alikuwa Mholanzi mmoja, mwalimu mstaafu, Bibi Anneke, mrefu kama nguzo ya simu na mwenye roho nyeupe kuliko maziwa. Na roho yake ndiyo iliyonitisha. Mtu wa namna ile atatajiwa bei ya kwanza, na atalipa, na atasema asante.

"Akilipa bei ya kwanza amekwisha," Mama Njoki akasema. "Mama yule atafikiri anahurumiwa. Na nani anamkaribisha nyumbani mtu aliyemhurumia? Mlete jikoni."

Tukamfundisha jikoni, kwa kabichi. Mama Njoki muuzaji, Bibi Anneke mnunuzi, mimi mtafsiri na shabiki. Mama Njoki akataja bei ya kabichi ambayo ungenunulia ng'ombe na mkia wake.

"Ni sawa," akasema Bibi Anneke, akafungua mkoba.

"Si sawa!" Mama Njoki akapiga meza. "Cheka! Nicheke! Sema mimi mwizi!"

"Lakini wewe si mwizi."

"Najua! Sema tu!"

Ilichukua muda. Lakini mwalimu ni mwalimu, akishika somo halitoki. Akajifunza kucheka, akajifunza "Punguza, mama," akajifunza "Hapana, naenda," na kugeuka na kuondoka hatua chache mpaka aitwe. Mwisho alimshusha Mama Njoki bei ya kabichi hadi Mama Njoki akaisukuma ile kabichi kabatini, akasema inatosha, nyumba itafilisika.

Kizuizi kilikuwa kimoja: mimi. Mama Nekesa akiniona tu na wageni, hao ni wageni wa Barasa, na wageni wa Barasa ni wake. Leso ingefunika vikapu. Kwa hiyo siku ya soko niliwaonyesha kwa mbali mahali alipokaa, nikawaambia, "Mkiniona, hamnijui," nikaenda kujificha nyuma ya nguo za mitumba zilizotundikwa kwenye kamba. Nikavaa koti moja refu la baridi, na jua lile la Ndalu likanipika humo ndani kama kiazi.

Mwenye mitumba akanisogelea. "Kaka, unanunua koti au umetoroka bibi?"

"Naangalia kama linanitosha."

"Linakutosha tangu asubuhi."

Nikachungulia. Bibi Anneke alikuwa amefika mbele ya Mama Nekesa. Akashika kikapu kikubwa, chenye mistari ya rangi ya kahawa.

"Bei gani, mama?"

Mama Nekesa akamtazama juu mpaka chini, safari ndefu kwa mtu mrefu vile, akataja bei. Mimi ndani ya koti nilishika kichwa. Mbele ya bei ile, hata ile ya kabichi ilikuwa ndogo.

Bibi Anneke akacheka. Alicheka vizuri, kutoka tumboni, mpaka wauza nyanya wakageuka. "Punguza, mama. Wewe mwizi."

Kisha Mama Nekesa akatupa mikono juu. "Mwizi! Mmesikia? Ati mimi mwizi! Wewe mama mrefu, unajua matete yanakatwa wapi? Ingia mtoni wewe, na miguu hiyo, samaki watafikiri ni daraja!"

Bibi Anneke hakuelewa ila neno moja moja, lakini sauti aliielewa. Akataja bei yake, ndogo. Mama Nekesa akajifanya amezirai, akaegemea jirani yake. Watu wakaanza kukusanyika. Huyu anapanda, yule anashuka, "Punguza," "Siwezi," "Mwizi," "Toka hapa," na mimi nilikuwa naona kile ambacho sijawahi kuona nyumbani kwake: macho yake yalikuwa yanawaka, mgongo umenyooka kama wa msichana. Mama wa chai na mayai hakuwapo. Pale alikaa chui.

Kisha Bibi Anneke akasema, "Hapana. Naenda," akageuka.

Tulimfundisha hatua chache. Lakini mwalimu yule alipofanya kitu alikifanya kikamilifu. Akaenda. Akapita wauza nyanya. Akapita wauza samaki. Wenzake watatu nyuma yake kwa mstari, kama bata. Nikaona kofia yake ikipungua kati ya watu, na Mama Nekesa amekaa, mikono amekunja, haiti. Vikapu vyote mbele yake, kimoja hakijatoka. Niliona palizi. Niliona jembe. Jasho lilinitoka likajaza mifuko ya lile koti. Nikasema nitoke, niwarudishe, niharibu yote. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje.

"Wewe mama mrefu!" Sauti yake ilipasua soko mpaka ng'ombe wa mnadani wakainua vichwa. "Rudi hapa! Unaenda wapi, na mimi sijamaliza kukutukana?"

Watu walicheka, wengine walikaa chini. Bibi Anneke akarudi, uso mwekundu, ameshika tabasamu kwa meno. Wakakutana katikati, bei ya watu wazima, ambayo hakuna aliyeibiwa na hakuna aliyehurumiwa. Wakapeana mikono juu yake. Na wenzake waliokuwa wameona jinsi inavyofanywa wakaingia vitani kila mmoja na kikapu chake, kisha wakaja wanawake wa sokoni wenyewe waliovutwa na kelele, maana soko likiona watu wananunua hununua. Jua lilipoanza kuegemea Mama Nekesa alikuwa amekalia gunia tupu.

Akajifuta uso na leso. Akamtazama Bibi Anneke, na niliona yule chui akiondoka taratibu, mama akirudi kukaa mahali pake.

"Umekula?" akamuuliza.

Hapo ndipo nilipovua koti. Mwenye mitumba akasema, "Halikutoshi tena?" nikampa mkono, nikavuka. Mama Nekesa aliponiona akatazama wageni, akanitazama mimi. Akanipiga kofi la mgongoni ambalo nalisikia mpaka leo mvua ikikaribia.

Njiani Bibi Anneke alisimama dukani akanunua sukari na majani ya chai, kwa sababu nilimwambia sasa haendi kununua, anaenda kutembea, na mtu hatembei mikono mitupu. Mama Nekesa naye alinunua kuku sokoni, mnene, mwenye kiburi, tena kwa pesa yake. Mzee Simiyu alipotuona mlangoni alitazama banda, akamwona jogoo wake yu hai, akatukaribisha kama wakwe.

Tulikula. Tukiwa kwenye chai walipita wanawake wa jirani wakimwita mama: kesho wanaanza palizi kwenye shamba la tajiri fulani, lori litawachukua mapema, ashike jembe aje. Mama Nekesa hakuinuka hata kwenye kiti. "Nendeni salama," akasema. "Mimi kesho naenda mtoni kukata matete." Mzee Simiyu akainua sauti ya redio, ingawa ilikuwa ni matangazo ya vifo tu. Furaha haichagui kipindi.

Tangu siku ile nilibadilisha njia zangu zote. Ndalu, Kapsokwony, mafundi wa Bungoma mjini, popote: sokoni kwanza, nyumbani baadaye. Ndiyo maana safari zangu zilikuwa ndefu. Si uvivu kama walivyosema wale wa magari ya haraka. Lazima usubiri siku ya soko, lazima umpe mtu nafasi ya kuwa mgeni. Nyinyi mkipita na pikipiki mnampa mgeni lipi kati ya hayo mawili? Mnampa vumbi.

Lakini nimalize siku ile. Wakati wa kuondoka, jua limeshakuwa jekundu nyuma ya mahindi, Mama Nekesa aliingia ndani, akatoka na kikapu. Kidogo, kizuri, kipya kabisa, ambacho hakukipeleka sokoni. Akaanza kwenda kwa Bibi Anneke. Nikamvuta kando haraka.

"Mayi, umeuza vizuri hivi, sasa unaanza tena kugawa?"

Akanitazama kama mtu anavyomtazama ndama aliyeingia jikoni.

"Barasa, unafikiri pale sokoni nilikuwa nakaza bei ya nini? Kuku nilimweka ndani ya ile bei. Chai niliiweka ndani. Na hiki kiko ndani pia. Alilipa yote kabla hajawa mgeni." Akakipangusa kikapu kwa upindo wa leso. "Sasa ondoka mbele yangu nimpe mgeni wangu zawadi."

Nikaondoka mbele yake.